Mnyama wa Mdomo Mkubwa: Mwongozo Kamili wa Mchoro wa Karatasi ya Kukunja kwa Watoto Wadogo

Kazi hii inataka karatasi moja ya A4, penseli na rangi chache. Karatasi ikiwa imefungwa, unaonekana uso wa kiboko aliyetulia, mdomo umefumbwa. Mtoto akishika ukingo wa juu na wa chini akavuta, kiboko anapanua mdomo unaojaza nusu nzima ya karatasi, meno yote nje, na ndani kuna nyasi alizokuwa anatafuna. Inawafaa watoto wa awali hadi darasa la pili. Hata wa miaka minne anaiweza, ila akunjiwe na mkubwa.

Karibu kila mchoro wa aina hii unaoharibika, huharibika kwa sababu moja: mpangilio umegeuzwa. Mtoto amechora mnyama kwanza ndipo akakunja, na mkunjo umepita katikati ya macho. Utaratibu ni huu: kunja, chora uso karatasi ikiwa imefungwa, fungua, chora mdomo, paka rangi. Mengine yote yaliyomo humu unaweza kuyarekebisha kulingana na ulichonacho, lakini hilo halina mjadala.

Karatasi

Inayofaa zaidi ni A4 ya kawaida ya gramu 80, ile ya kutolea kopi, sentimita 21 kwa 29.7. Inakunjika bila kupasuka, inastahimili penseli na krayoni, na inapatikana kwenye steshenari yoyote, iwe Dodoma mjini, Kibaigwa au Manyoni. Kwa darasa la watoto 60 hesabu karatasi 80: moja kwa kila mtoto, 15 za watakaoharibu, na tano za mwalimu kuonyeshea. Rimu moja la karatasi 500 linatosha kazi sita za namna hiyo na zinabaki 20.

Dodoma ina ofisi nyingi, na ofisi hutupa karatasi zilizochapwa upande mmoja. Hizo ni nzuri kwa mazoezi ya kukunja, mradi uzipitie kwanza wewe mwenyewe: yenye jina la mtu, namba ya simu, mshahara au habari za mgonjwa isifike kwa watoto. Kwa mchoro wenyewe zina kasoro moja, maandishi ya nyuma hujitokeza mbele, hasa penye meno meupe. Basi zoezi lifanyike kwenye karatasi ya ofisi, kazi ifanyike kwenye karatasi safi.

Karatasi ya kuchana kwenye daftari ni nyembamba mno. Krayoni ikikandamizwa mara mbili penye mkunjo, inatoboka. Manila nayo ni ngumu, na vidole vya mtoto wa miaka mitano haviwezi kuilaza. Ukilazimika kuitumia, tafuta kwanza nyuzi zake zimelala upande gani: ipinde taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande inaokubali kwa urahisi ndio ulio sambamba na nyuzi, na mikunjo yako ifuate huko. Ukizikatiza nyuzi za manila, mkunjo unapasuka na kuacha mstari wa manyoyamanyoya ambao rangi haishiki.

Penseli, rangi na kokoto

Kikundi cha watoto sita kinahitaji penseli sita, kichongeo kimoja, pakiti moja ya krayoni za rangi 12, na vifutio viwili tu. Vifutio vichache ni afadhali, kwa sababu kusugua juu ya mkunjo ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuutoboa. Mwalimu anayegawa vifutio sita ajiandae kuona matundu sita.

Krayoni nene zinashikika vizuri na wadogo. Penseli za rangi zinafaa kwa meno na macho. Maka zinavutia sana watoto, lakini zina mambo mawili. Kwanza, wino wake hupenya: ukichora kwa maka karatasi ikiwa imefungwa, nukta zinajitokeza kwenye tabaka la chini, pale ambapo baadaye patakuwa ndani ya mdomo. Pili, hewa ya Dodoma ni kavu, na maka iliyoachwa wazi kwa muda wa kipindi huenda isiandike kesho yake. Mpe mtoto mmoja katika kila kikundi kazi ya kufunika vifuniko. Ni cheo ambacho watoto wa awali hukigombania.

Kati ya Juni na Septemba upepo wa huku ni mkali, na madarasa mengi yana madirisha ya wazi. Kila mtoto awe na jiwe dogo lililofutwa vumbi la kukandamizia karatasi. Mkifanyia kazi nje chini ya mti, kila mtoto apate kipande cha boksi cha kuwekea karatasi mapajani, sentimita 30 kwa 40 au zaidi kidogo. Penseli juu ya karatasi isiyo na kitu kigumu chini yake hutoboa tu.

Kukunja

Kabla ya mkunjo wowote, simamisha karatasi, yaani upande mfupi uwe juu. Weka nukta ndogo ya penseli kwenye kona ya juu kulia, na nyingine kwenye kona ya chini kulia, zote upande uleule wa karatasi. Nukta hizi mbili ndizo zitakazokwambia kama mtoto amekunja sawasawa bila wewe kufungua karatasi 60 moja moja.

Tuhesabu karatasi kwa robo nne, kutoka juu kwenda chini, kila robo ikiwa na kimo cha sentimita 7.4 hivi. Robo ya kwanza na ya nne ndizo zitakazoonekana karatasi ikifungwa. Ya pili na ya tatu zinajificha, nazo ndizo mdomo.

1. Nukta zikiwa zinakutazama, chukua ukingo wa chini uupandishe mpaka ukutane na ukingo wa juu. Linganisha kona zote mbili kwanza, weka jiwe au kiganja juu ya kona, ndipo ulaze mkunjo, ukianzia katikati kwenda kushoto, kisha katikati kwenda kulia. Mkunjo huu unaangukia sentimita 14.85 kutoka juu.

2. Sasa una matabaka mawili. Shika lile la mbele peke yake, lililo karibu nawe, na uteremshe ukingo wake wa juu mpaka uguse mkunjo uliotoka kuulaza. Tabaka la nyuma lisiguswe.

3. Laza mkunjo huu wa pili kwa kucha, kwa mgongo wa kijiko au kwa rula. Ukifungua utaukuta sentimita 22.3 hivi kutoka juu.

4. Kagua: nukta zote mbili zionekane, moja juu, moja chini. Karatasi iliyofungwa iwe na upana wa sentimita 21 na kimo cha karibu 15.

Katikati ya karatasi hiyo iliyofungwa kuna mstari ambapo ukingo wa mkunjo wa pili umelala juu ya tabaka la nyuma. Tuuite mshono. Mdomo wa mnyama ukifumbwa ni mshono huo.

Nukta moja au zote mbili zisipoonekana, kosa ni mojawapo ya haya mawili. Ama mtoto ameteremsha matabaka yote mawili kwa pamoja, na karatasi imekuwa kipande chembamba cha kimo cha sentimita saba na kitu. Ama ameingiza ukingo ndani, katikati ya matabaka, badala ya kuuleta mbele. Yote mawili yanarekebishika kwa kufungua na kurudia hatua ya pili, lakini mkunjo uliokosewa na kulazwa kwa nguvu hauondoki kabisa. Kwa hiyo wafundishe kukunja kwa wepesi, wakuonyeshe, ndipo walaze.

Kosa la tatu ni la kona kutokutana. Watoto hukimbilia kubonyeza mkunjo kabla kona hazijalingana, maana kubonyeza ndiko kunakofurahisha. Kona zikiachana kwa milimita mbili si neno. Zikiachana kwa nusu sentimita, mshono utalala mshazari, na mnyama ataonekana kama amepigwa ngumi ya taya.

Kwa watoto wa awali, mkunjo wa kwanza wafanye wenyewe, na wa pili ufanye wewe jioni ya siku iliyotangulia: kunja, laza vizuri, kisha fungua. Mtoto akifuata mkunjo ambao tayari una alama, unaanguka mahali pake. Wa darasa la kwanza wanaweza mikunjo yote, mradi wafuate pamoja nawe hatua kwa hatua, karatasi yako ikiwa imeinuliwa juu waione.

Uso wa kiboko

Kiboko ndiye wa kuanza naye. Uso wake ni mpana, hana manyoya wala pembe za kusumbua, na bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lina viboko, kwa hiyo wapo watoto watakaokuwa wamesikia habari zake nyumbani.

Karatasi ibaki imefungwa, jiwe juu ya kona. Mtoto aweke vidole viwili kwenye ukingo wa kushoto, kwenye mshono, na aweke alama pale vidole vinapoishia. Afanye vivyo hivyo kulia. Hizo ni pembe za mdomo, na kati yake panabaki kama sentimita 15. Hapa penseli lazima ivuke mshono: nusu ya alama iwe juu ya mkunjo, nusu iwe kwenye karatasi iliyo nyuma yake. Mkandamizie mtoto mkunjo kwa kidole anapovusha, la sivyo ncha ya penseli inaingia chini ya ukingo na kuunyanyua. Alama isipogusa pande zote mbili, ukifungua hutajua mdomo uanzie wapi.

Baada ya hapo, penseli ipite kandokando ya mshono wenyewe kutoka alama ya kushoto hadi ya kulia, ukingo wa mkunjo ukitumika kama rula. Mstari unabaki kwenye robo ya kwanza, nao ndio mdomo wa juu. Walimu wengi huiruka hatua hii kwa sababu karatasi ikiwa imefungwa mstari hauna kazi. Kazi yake inaonekana baadaye, meno ya juu yanapotafuta mahali pa kuning'inia.

Kisha, kutoka alama ya kushoto, chora upinde unaopanda kama sentimita nne juu ya mshono na kushuka hadi alama ya kulia. Hiyo ni pua, na matundu mawili makubwa yakae karibu na kilele chake. Juu ya upinde weka macho mawili madogo, kila moja likiwa limejitokeza kidogo juu ya kichwa, na pembeni masikio mafupi ya mviringo. Matundu ya pua, macho na masikio ya kiboko yote yako juu kwa sababu ndivyo anavyovuta pumzi na kuona mwili ukiwa majini. Mtoto akiambiwa hivyo, hayashushi mashavuni.

Chini ya mshono, kwenye robo ya nne, chora upinde mwingine unaoshuka sentimita tatu hivi: kidevu. Nafasi inayobaki chini yake ni kama sentimita nne, haitoshi mwili wa kiboko wala haihitaji. Chora mistari mitatu ya mawimbi na uwe umemaliza. Kiboko yuko majini. Watoto wanaotaka miguu kwa lazima wafupishe kidevu.

Usichore kwenye karatasi ya mtoto. Uwe na yako, chora pembeni yake, aangalie afanye.

Kufungua na kuchora mdomo

Mwambie afungue polepole. Atapiga kelele kwamba kiboko amekatika, na ni kweli: pua iko juu, kidevu kiko chini, katikati hakuna kitu. Sasa zitafutwe alama nne zilizoachwa na mshono, mbili juu kwenye mstari wa mdomo wa juu, mbili chini kwenye mkunjo wa pili. Unganisha ya juu kushoto na ya chini kushoto kwa mstari mmoja wa kushuka, na ya kulia vilevile. Kila mstari una urefu wa karibu sentimita 15. Wa darasa la pili watumie rula; wadogo wachore kwa mkono, na mstari ukipinda ni mashavu.

Meno ya juu yaning'inie kutoka kwenye mstari wa mdomo wa juu, ya chini yasimame juu ya mkunjo wa pili. Mtoto hupenda kuchora meno ya msumeno, madogo, yaliyobanana. Mwonyeshe kwamba meno ya kiboko ni machache na makubwa: chonge mbili nene za chini, moja kila upande, zenye kimo cha vidole vitatu vya mtoto, na kati yake mengine mafupi yanayoelekea mbele. Chonge za chini za kiboko mkubwa huweza kufikia nusu mita, na mdomo wake hupanuka hadi karibu nyuzi 150, kwa hiyo mtoto anayezidisha ukubwa hapa hajakosea sana.

Ulimi utokee chini ukipanda mpaka karibu na mkunjo wa kati, yaani ule wa kwanza. Juu ya mkunjo huo, kwenye robo ya pili, weka koo: duara ambalo baadaye litapakwa rangi nyeusi au zambarau iliyoiva. Kilichomo mdomoni kikae upande mmoja wa mkunjo wa kati, kisiukalie. Umbo dogo linalokatwa na mkunjo, mfano jicho la samaki, linaharibika baada ya kufungwa na kufunguliwa mara chache. Na kwa kiboko si samaki hata hivyo, ni nyasi. Hutoka majini usiku kwenda malishoni.

Rangi

Rangi zipakwe karatasi ikiwa wazi yote, imelala juu ya kitu kigumu. Anza na hafifu: waridi ya fizi na ulimi, kijivu cha uso, bluu ya maji. Nyekundu ifuate. Nyeusi ya koo iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu mkono wa mtoto huburuta juu ya karatasi na kubeba chembe za nyeusi hadi kwenye meno.

Kuna jambo la krayoni ambalo hujulikana siku ya pili, mtoto anapolalamika kwamba meno yameota damu. Robo ya pili na ya tatu zinatazamana karatasi ikifungwa. Nta ya krayoni nyekundu iliyopakwa kwa wingi juu inajibandika chini, hasa mchana wa Oktoba na Novemba joto linapokuwa kali na michoro imerundikwa dirishani. Dawa yake ni kukata kipande cha karatasi chakavu cha sentimita 20 kwa 7 na kukiweka ndani ya mkunjo wakati wa kuhifadhi. Penseli za rangi haziachi alama hivyo, na ndiyo sababu ni bora kuacha meno yawe meupe ya karatasi na kuyazungushia fizi kwa penseli ya rangi, si kwa krayoni.

Wasio na nyekundu wanaweza kutumia udongo mwekundu wa Kondoa au wa popote ulipo: chekecha kwa kitambaa, changanya kijiko kimoja na kijiko kimoja cha gundi nyeupe na maji kidogo mpaka upakike kwa brashi au kwa kijiti kilichofungwa pamba. Usipake juu ya mikunjo yenyewe. Udongo uliokauka hauna unyumbufu, utabanduka kwa magamba. Acha ukanda wa milimita tano kila upande wa mkunjo, uujaze kwa penseli ya rangi.

Wanyama wengine na meno yao

Kukunja hakubadiliki. Kinachobadilika ni upana kati ya alama mbili za mshono, na kile kilichomo mdomoni. Hapo ndipo kazi inapogeuka somo, maana watoto humpa kila mnyama meno ya simba mpaka waulizwe.

Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Ana manane ya mbele chini, na juu ana fizi ngumu anayobania majani. Mbuzi na kondoo ni hivyo hivyo. Mtoto wa Chamwino au Kongwa aliyekulia karibu na zizi analijua hili kuliko mwalimu aliyetoka mjini, basi muulize yeye kabla hujachora. Alama ziachane kwa sentimita 11 hivi, pembe zipande hadi ukingo wa juu, na nundu ionekane nyuma ya kichwa kama kilima kidogo. Ulimi mrefu uzungushe bua la mtama. Juu chora fizi tupu, mstari mnene wa waridi. Kuna watoto watakaoongeza meno juu kwa siri. Waache, wenzao watawasahihisha.

Punda anayo ya mbele juu na chini, sita na sita, mapana na marefu. Ukiwachoresha punda na ng'ombe kwa siku mbili zinazofuatana na kuwaweka ubaoni pamoja, tofauti inajieleza.

Simba ana chonge nne, mbili juu, mbili chini, na kati ya chonge yapo meno madogo sita juu na sita chini. Manyoya ya shingoni yachorwe karatasi ikiwa imefungwa, yakizunguka uso mzima na kuvuka mshono pande zote mbili. Ukifungua, ongeza manyoya kandokando ya mdomo kuziba pengo. Watoto watataka kumweka mtu mdomoni mwa simba. Usibishane sana. Pendekeza kiatu.

Mamba ni mgumu kwa mbele kwa sababu uso wake ni mwembamba. Weka alama zako sentimita sita kutoka kila ukingo, mdomo uwe na upana wa sentimita tisa tu, na kingo za mdomo ziwe na mawimbi badala ya kunyooka. Ulimi wake umeshikamana na sakafu ya mdomo, hautoki nje, kwa hiyo usichore ulimi unaoning'inia. Jino la nne la taya la chini huonekana hata mdomo ukiwa umefungwa. Usilichore wakati karatasi imefungwa, maana litabaki kwenye robo ya kwanza na ukifungua litaonekana limeota pabaya. Lichore ukishafungua, juu ya mkunjo wa pili, refu kuliko mengine. Mdomoni mwekee perege au kambale, samaki wa Mtera.

Chura ni kwa siku ambayo watoto wamechoka na meno. Huku kwetu hujitokeza mvua zikianza mwishoni mwa mwaka. Taya lake la chini kwa kawaida halina meno, na ulimi wake umeshikizwa kwa mbele, karibu na mdomo, si nyuma kama wetu. Chora ulimi ukianzia pale pale kwenye mkunjo wa pili, ukipanda mpaka juu, na nzi amenasa nchani.

Twiga na kinyonga: mkunjo uleule, mchezo mwingine

Hapa kinachofichwa si mdomo. Kwa twiga, robo ya kwanza inabeba kichwa, robo ya nne inabeba mwili na miguu, na robo mbili za katikati ni shingo. Karatasi ikifungwa anaonekana mnyama mfupi wa ajabu. Ikifunguliwa shingo inaruka sentimita 15.

Weka alama mbili katikati ya mshono zikiachana kwa sentimita tatu. Kichwa kikae juu yake, kikiwa na pembe mbili fupi zenye vishungi na masikio yaliyolala pembeni. Chini ya mshono, mwili upate sentimita tatu na miguu minne ipate nne zilizobaki. Shingo ikishaunganishwa, mabaka yaanzie nyuma ya kichwa yakishuka. Yakipakwa kutoka chini kwenda juu, watoto huchoka kabla ya kufika na shingo inabaki nyeupe. Ukitaka kuwashangaza wa darasa la pili, waambie shingo hiyo ndefu ina mifupa saba, sawa na ya kwao. Twiga ni miongoni mwa wanyama waliochorwa kwenye miamba ya Kondoa, eneo lililoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na mistari ya michoro ile ni michache mno. Mtoto anayelia kwamba hajui kuchora aambiwe hilo.

Kwa kinyonga, laza karatasi, upande mrefu uwe juu, na ukunje kutoka kulia kwenda kushoto badala ya chini kwenda juu; nukta za ukaguzi ziwe kona ya kushoto na ya kulia. Mshono sasa unasimama wima. Kinyonga akae kushoto, mdomo wake ukigusa mshono, na nzi awe kulia akiwa anagusa mshono vilevile. Ukifungua, chora ulimi unaounganisha hao wawili. Ulimi wa kinyonga huweza kuwa mrefu kuliko mwili wake, hivyo sentimita 15 si chumvi. Kwa mkunjo huu wa kulala watoto wa Dodoma huishia kuomba treni ya SGR. Inakubali vizuri, kichwa kushoto, behewa la mwisho kulia.

Kupanga muda

Darasa kubwa halimalizi kwa kipindi kimoja. Siku ya kwanza ni kukunja na kuchora uso, siku ya pili ni mdomo na rangi. Kuzigawa kunakusaidia pia: jioni ya kati unapitia karatasi zote, unalaza upya mikunjo iliyolegea na kukoleza alama za mshono zilizofifia. Jina la mtoto liandikwe nyuma siku ile ile ya kwanza, kwa penseli, kwenye mgongo wa robo ya kwanza; likiandikwa kwenye robo ya nne hujificha ndani ya mkunjo, na utafungua karatasi zote kumtafuta mwenyewe.

Usiwaonyeshe mfano uliokamilika ukiwa wazi kabla hawajaanza. Waonyeshe uliofungwa, waulize mnyama huyu anakula nini, ndipo ufungue mara moja na kuuficha. Ukiuacha ubaoni, utapata viboko 60 vinavyofanana.

Mkunjo kuchanika, na kubandika

Mkunjo wa pili ndio huchanika kwanza, kwenye kingo za pembeni, kwa sababu watoto huvuta kwa nguvu kutoka kona moja. Wafundishe kushika katikati ya ukingo wa juu na katikati ya ukingo wa chini. Ukishachanika, bandika selotepu nyuma ya karatasi, kipande cha sentimita nne kikiukatiza mkunjo, karatasi ikiwa imekunjwa nusu.

Kutengeneza kadi ya ukutani, kata manila ya nusu A4, sentimita 21 kwa 14.85. Paka gundi nyuma ya robo ya kwanza na ya pili tu, bandika, na uache nusu ya chini ining'inie huru. Gundi ya unga inatosha: vijiko vitatu vya chakula vya unga wa ngano kwenye glasi moja ya maji baridi, koroga mabonge yaishe, kisha chemsha moto mdogo huku ukikoroga mpaka uji uwe mzito na kung'aa. Ipoe kabla ya kupaka, na ipakwe nyembamba. Ikiwa nyingi karatasi inalowa, inajikunjakunja, na maka za upande wa mbele zinachuruzika. Weka kitabu kizito juu kwa saa moja. Huku hukauka haraka, ila mende na panya wanaipenda, kwa hiyo kadi zitundikwe, zisirundikwe kabatini.